Oili inavuja kwenye injini ya dizeli ya zamani: tafuta chanzo kabla hujafungua bolti

Doa jeusi chini ya Hiace iliyolala uani usiku kucha linaonyesha mahali oili ilipodondokea. Ilikotokea ni habari nyingine. Oili hufuata mteremko wa chuma, hutambaa kwenye ukingo wa sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), na gari likitembea upepo wa chini huisukuma nyuma hadi kwenye gia boksi. Ndiyo maana magari mengi hapa Dar es Salaam hushushwa gia boksi, yakabadilishwa sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili kwenye shafti kuu ya injini), na baada ya wiki moja doa liko palepale. Oili ilikuwa ikitoka kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya valvu), ikiteremka mgongoni mwa bloku na kudondokea kwenye kasha la klachi. Mwenye gari amelipa kazi ya siku mbili kwa tatizo la gasketi moja.

Maelezo haya yanahusu injini za kizamani zisizo na kompyuta: Toyota 2L, 3L na 5L zilizomo kwenye Hiace na Hilux, 1HZ ya Land Cruiser na Coaster, 4D33 ya Canter, TD27 ya Nissan na nyingine za ukoo huo. Utaratibu wa kutafuta chanzo ni uleule kwa zote. Tofauti kubwa iko mbele ya injini: zile za Toyota zilizotajwa zina taimingi belti ya mpira, na 4D33 na TD27 zina gia za chuma. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mvujo wa mbele unaweza kusubiri au la.

Je, ni oili ya injini kweli?

Weka boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya injini usiku, kwenye sakafu tambarare, na uchore alama ya mahali gurudumu la mbele lilipo. Asubuhi gusa kila doa kwa kidole, unuse.

Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii hata ikiwa imebadilishwa wiki iliyopita, kwa sababu ya masizi. Haina harufu kali. Oili ya gia boksi ni nzito na inanuka kama kiberiti. Nyekundu na nyepesi ni ya usukani au ya gia boksi ya otomatiki. Dizeli ni nyepesi, harufu yake haijifichi, na hapa ndipo wengi hudanganyika: dizeli inayovuja kwenye pampu au kwenye vipaipu vya kurudishia vya nozeli huosha uchafu wa zamani uliogandia kwenye bloku, ikadondoka ikiwa nyeusi kama oili. Kama doa limetanuka haraka kwenye boksi na pembezoni kuna duara jepesi, chunguza pampu kwanza.

Angalia pia kijiti cha kupimia oili. Kama oili *inaongezeka* badala ya kupungua, kuna dizeli inayoingia kwenye sampu. Hapo usiendelee na mambo ya sili. Oili iliyochanganyika na dizeli hupoteza uzito, hupenya kila mwanya, na huua beringi za krenki. Rekebisha chanzo cha dizeli, mwaga oili yote pamoja na filta, ndipo urudi kwenye mvujo.

Pima inapotea kiasi gani

Chukua kipimo cha kijiti asubuhi injini ikiwa baridi, gari likiwa limesimama pale pale kila siku. Kwenye injini nyingi za ukubwa huu, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Pima kwa siku saba, andika na kilomita. Oili ikipungua nusu lita kwa wiki huku boksi likiwa na matone matatu tu, basi sehemu kubwa inaungua ndani: angalia moshi wa bluu unapowasha asubuhi au unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko. Kubadilisha gasketi za nje hakutazuia hilo.

Na usijaze kupita alama ya juu kwa imani kwamba "itavuja, acha iwe nyingi". Oili ikizidi, krenki huipiga ikawa povu, shinikizo la ndani hupanda, na sili zilizokuwa nzima huanza kutokwa jasho.

Injini inapumua?

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayofanya sili mpya zivuje ndani ya mwezi. Kila injini hupitisha gesi kidogo kati ya ringi za pistoni na silinda, zikashuka kwenye sampu. Zimewekewa njia ya kutokea: paipu ya kupumulia, kwa kawaida kutoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye paipu ya hewa. Paipu hiyo ikiziba kwa matope ya oili, au ringi zikichoka na gesi zikawa nyingi kuliko paipu inavyomudu, shinikizo hutafuta mlango. Mlango wenyewe ni sili au gasketi iliyo dhaifu kuliko zote. Ukiziba huo, litahamia kwa iliyo dhaifu baada yake.

Pima hivi. Injini ikiwa imepata moto na iko silensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na ukiweke juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitikisika kidogo ni kawaida. Kikirushwa, na moshi ukatoka kwa mapigo, injini inapumua, yaani shinikizo la ndani limezidi.

Kwa kipimo cha uhakika zaidi tafuta mpira mwangavu wa mita mbili, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maji. Uukunje umbo la U, tia maji hadi nusu, na uchomeke ncha moja kwenye tundu la kijiti cha oili baada ya kukitoa. Ncha nyingine iache wazi. Washa injini, kifuniko cha oili kikiwa kimefungwa, na utazame maji. Kwenye injini yenye afya yanasogea kidogo tu. Yakipanda sana upande mmoja, chomoa paipu ya kupumulia upande wa tapeti kava, ukiacha mdomo wa kava wazi. Maji yakirudi chini mara moja, tatizo ni paipu iliyoziba: itoe, iloweke kwenye mafuta ya taa, ipige upepo, na uangalie pia kibati cha kuchuja oili kilicho ndani ya tapeti kava. Maji yakibaki juu hata paipu ikiwa imetolewa, ringi au silinda zimechoka. Kwenye injini yenye turbo, turbo iliyokwisha nayo huleta dalili hiyohiyo.

Mwenye injini iliyochoka aambiwe ukweli kabla hajanunua spea. Sili mpya zitampa ahueni fupi tu, na fedha ile ni afadhali iende kwenye kufungua injini. Kuna na hatari nyingine: injini inayopumua sana husukuma oili kwenye paipu ya hewa, na injini ya dizeli inaweza kuichoma kama mafuta yake. Ikishika hivyo inapanda mizunguko yenyewe na kuzima swichi hakusaidii. Huizimwa kwa kuinyima hewa, yaani kuziba mdomo wa paipu ya hewa kwa ubao au bati nene. Usitumie mkono wala kitambaa.

Osha mpaka chuma kionekane

Huwezi kusoma mvujo kwenye injini iliyojaa matope ya oili na vumbi. Osha.

Injini iwe na uvuguvugu, isiwe ya moto. Maji baridi yakimwagwa kwenye pampu ya dizeli iliyotoka kwenye foleni ya Barabara ya Mandela inaweza kukwama, kwa sababu sehemu zake za ndani zimebanana sana na chuma cha nje husinyaa ghafla. Funga altaneta, stata na mdomo wa paipu ya hewa kwa mifuko ya plastiki. Paka mafuta ya taa au dizeli kwa brashi ngumu, ukianzia juu, kisha sabuni ya unga iliyokorogwa nzito, acha dakika kumi, suuza kwa maji yasiyo na nguvu kubwa. Sehemu zilizogandiwa kwelikweli, kama nyuma ya hedi na juu ya kasha la klachi, zikwangue kwa kijiti cha mbao kabla ya kuosha.

Fanya kazi hiyo mahali pa kuoshea magari penye shimo la kuchujia. Mitaro ya Ilala na Magomeni inashusha maji yake bonde la Jangwani, na Mto Msimbazi unamwaga baharini.

Kausha kwa upepo wa kompresa au acha juani. Washa injini dakika tano ili unyevu uliobaki uondoke.

Poda na tochi

Nyunyiza poda ya watoto, ile nyeupe ya kawaida, kwenye maeneo unayoyashuku: kingo za tapeti kava, mwungano wa hedi na bloku, chini ya swichi ya presha ya oili, kuzunguka filta, ukingo wa sampu, na uso wa kifuniko cha mbele. Sehemu zenye belti na feni usizitie poda. Huko tumia tochi na kioo kidogo. Washa injini silensa dakika kumi na tano, zima, tazama. Endesha kilomita kumi, tazama tena. Oili ikipita kwenye poda inaacha mstari mweusi, na mwanzo wa mstari *juu kabisa* ndio chanzo. Kama kuna mistari mitatu, anza na ulio juu, urekebishe, uoshe, urudie. Mara nyingi miwili iliyobaki hutoweka.

Kuna rangi inayotiwa kwenye oili na kuonekana kwa tochi ya miale ya zambarau. Inafaa sana kwa mvujo mdogo unaochukua siku kadhaa kujitokeza. Kwa mvujo wa kawaida poda inatosha.

Mahali panapovuja mara kwa mara, na dawa yake

*Tapeti kava.* Gasketi ya mpira hukauka ikawa ngumu kama plastiki. Ya koki husinyaa. Fungua bolti kwa kuzunguka kidogokidogo, kutoka nje kwenda ndani, usiibandue kava kwa bisibisi. Safisha nyuso zote mbili kwa kikwangulio cha plastiki na kitambaa chenye petroli kidogo. Laza kava juu ya kioo kinene: ikiwa imepinda, ndiko inakovuja, na gasketi mpya pekee haitatosha. Gasketi ya mpira hufungwa kavu. Silikoni huwekwa kwenye kona tu, pale kibati cha kemshafti kinapokutana na hedi, tone la ukubwa wa choroko. Bolti za spana namba 10 hapa zinataka nguvu ndogo mno, kati ya Newton-mita 6 na 9. Racheti fupi, vidole vitatu. Anayezibana kwa nguvu za bega huiminya gasketi ikatoka nje, na kesho inavuja zaidi ya jana.

*Swichi ya presha ya oili.* Ndogo, rahisi, na mara nyingi hulaumiwa ya mwisho. Chomoa waya wake: kukiwa na oili ndani ya soketi, imepasuka ndani, badilisha. Uzi wake una umbo la koni, kwa hiyo hujibana wenyewe. Kuikaza kupita kiasi kunapasua bloku au nyumba ya filta.

*Filta.* Filta mpya ikivuja mara tu ya kuwashwa, karibu kila mara mpira wa filta ya zamani umebaki umegandia na sasa kuna mipira miwili. Zima haraka, maana oili yote inaweza kumwagika kwa dakika chache. Paka mpira mpya oili, zungusha mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono.

*Pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta.* Hii ni ya Toyota 2L, 3L, 5L na 1HZ, na inastahili macho yako. Pampu ya busta ya breki imeshikana na mgongo wa altaneta na inalainishwa kwa oili ya injini: mpira mwembamba unaleta oili, mpira mnene unairudisha kwenye sampu. Mipira hii hupasuka kwenye klampu. Mbaya zaidi, sili ya shafti kati ya pampu na altaneta ikiisha, oili huingia ndani ya altaneta, huloweka kaboni, na gari linaanza kushindwa kuchaji. Watu hubadilisha altaneta, ya mtumba nayo inakufa kwa ugonjwa uleule. Ukikuta altaneta imelowa oili kwa nyuma na chini, itoe, badilisha sili ya pampu na oringi yake, osha altaneta kwa kiosheo cha umeme kinachokauka, badilisha kaboni. Mpira mnene wa kurudishia usiwe umekunjika wala kuziba: oili ikikosa njia ya kurudi, itapita kwenye sili hata kama ni mpya. Nunua mpira wa oili, si wa maji. Wa maji hulainika na kuvimba.

*Nati ya kumwagia oili.* Wosha yake ya shaba au alumini ni ya kutumia mara moja. Utepe mweupe wa mafundi bomba hauna kazi hapo.

Sili ya mbele ya krenki na ya kemshafti

Kwenye injini ya taimingi belti, oili inayotoka nyuma ya kifuniko cha mbele ni ya kushughulikiwa wiki hii hii. Oili hulainisha mpira wa belti, meno hung'oka, muda wa valvu unapotea, na pistoni zinagonga valvu. Kutoka hapo unazungumzia hedi. Belti iliyolowa haioshwi, inatupwa. Na ukishafungua mpaka huko, badilisha sili ya krenki na ya kemshafti pamoja, na beringi ya kukazia belti ikiwa inaunguruma au inacheza.

1. Ondoa waya hasi wa betri. Gari likae juu ya stendi imara, na kwenye uwanja wa mchanga kama ilivyo gereji nyingi za mjini, weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Jeki peke yake haitoshi kulala chini.

2. Toa belti za nje, feni ikibidi na rejeta. Zungusha krenki kwa spana kwa mwelekeo wake wa kawaida mpaka alama za taimingi zilingane, pistoni ya kwanza ikiwa juu. Alama zote, za krenki, kemshafti na pampu ya dizeli, zipige picha na uziongezee alama za rangi.

3. Bolti ya puli ya krenki imekazwa sana. Kwenye 1HZ inapita Newton-mita 400. Usiifungue kwa kugusa stata huku spana imeegemea chasisi. Tumia kishikio cha puli na bomba refu. Puli itolewe kwa pula yenye bolti, isigongwe nyundo ukingoni.

4. Toa belti, kisha gia ya krenki. Kabla ya kung'oa sili, *pima kwa kalipa sili ya zamani imezama milimita ngapi* kutoka ukingoni, na uandike.

5. Ng'oa sili kwa bisibisi bapa lililofungwa utepe, ukiegemea nyumba ya sili na kamwe usiegemee shafti. Mkwaruzo mmoja kwenye shafti ni mvujo wa kudumu.

6. Pitisha ukucha pale ulimi wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukinasa kwenye mfereji, sili mpya ikikaa palepale itavuja. Iweke milimita moja au mbili kando ya mahali pa zamani ili ulimi ukute chuma kipya, mradi haizibi tundu la kurudisha oili. Mfereji ukiwa mkubwa, agiza soksi nyembamba ya chuma ya kuvalisha shafti. Zipo kwa vipimo vya kawaida.

7. Paka ulimi wa sili oili safi, upande wenye springi ukitazama ndani ya injini. Isukume sawasawa kwa kipande cha bomba chenye kipenyo karibu sawa na cha nje cha sili, ukigonga taratibu kwa kuzunguka. Ikiingia upande, itoe, uanze na nyingine.

8. Funga belti mpya, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, hakikisha alama zote zimerudi. Ukihisi kugota, simama, usilazimishe.

Kabla ya kufunga sili mpya, shika ncha ya krenki uitikise juu na chini. Ukihisi mchezo, beringi zimekwisha na hakuna sili itakayodumu hapo.

Kuchagua sili dukani

Nenda Kariakoo na sili ya zamani mkononi pamoja na namba ya injini, si jina la gari pekee. Hiace mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na injini tofauti. Namba tatu zilizochapwa kwenye sili ni kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Zifananishe zote tatu.

Kisha soma herufi. NBR ni mpira wa kawaida, unaovumilia karibu nyuzi joto 100. FKM unafika kama 200. Kwa gari linalokaa saa nzima kwenye foleni ya Kimara na joto la Machi, sili ya krenki ya FKM inalipa bei yake. Rangi si ushahidi, kwa kuwa mpira wa kahawia unaweza kuwa wa aina yoyote, tafuta maandishi.

Angalia mshale. Sili nyingi za krenki zina mistari midogo ya mshazari inayorudisha oili ndani shafti ikizunguka upande mmoja tu. Ukifunga ya upande wa pili, itapampu oili nje kwa bidii ileile. Bonyeza ulimi kwa kidole: uwe laini, usio na nyufa, na springi isichomoke. Sili iliyokaa dirishani juani miaka mingi ni ngumu hata kama boksi linang'aa.

Sampu

Injini nyingi za Toyota hazina gasketi ya karatasi hapa, zinafungwa kwa silikoni. Ukishaishusha, ilaze juu ya ubao ulionyooka uone kama ukingo umepinda. Kila tundu la bolti huwa na nundu kwa sababu ya kubanwa kupita kiasi. Weka kipande cha mbao ngumu chini, gonga nundu kwa nyundo ndogo mpaka ukingo uwe bapa. Kusafisha ndiyo nusu ya kazi: pande zote mbili ziwe kavu kabisa, futa kwa petroli, ngoja dakika kumi oili iliyobaki kwenye bloku idondoke, futa tena.

Mstari wa silikoni uwe na unene wa milimita 3 hadi 5, usiokatika, upite *upande wa ndani* wa matundu ya bolti. Funga ndani ya dakika tano kabla haijaweka ngozi. Ukiweka nyingi, inayobanwa ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Silikoni hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hali ya hewa ya Dar inasaidia, lakini bado isubiri usiku mzima kabla ya kujaza oili. Kujaza baada ya saa moja kwa sababu mteja anataka gari ndicho chanzo cha sampu nyingi zinazofunguliwa mara ya pili.

Sili ya nyuma

Ishuku mwisho, baada ya tapeti kava kwa nyuma, swichi ya presha na mipira ya pampu ya vakyumu kuthibitishwa kuwa kavu. Chungulia tundu dogo lililo chini ya kasha la klachi. Oili yenye harufu ya kiberiti hapo ni ya shafti ya gia boksi. Nyeusi isiyonuka, pamoja na klachi inayoteleza, ni ya krenki.

Kazi ni kushusha gia boksi, klachi na flaiwili. Taratibu za sili ya mbele zinatumika zilezile: pima kina, kagua mfereji, paka oili. Ila ukipewa sili ambayo ulimi wake ni mweupe au mweusi wa kuteleza, usio na springi, soma karatasi yake. Aina hiyo kwa kawaida hufungwa kavu, na oili kidogo tu inaiharibu tangu siku ya kwanza. Badilisha pia gasketi ya kibati kinachoshika sili. Ukiwa umeshafika huko, beringi ya klachi na ile ndogo iliyo katikati ya krenki ziingie mpya. Diski iliyolowa oili haiponi kwa kuchomwa moto wala kusuguliwa msasa.

Kuhusu dawa za kuziba mvujo

Zile za chupa hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka. Zinaweza kupunguza jasho la sili ngumu kwa miezi kadhaa. Hazizibi gasketi iliyokatika, hazijazi mfereji kwenye shafti, na mpira unaoendelea kuvimba huishia kuwa ulojo. Kwa injini yenye taimingi belti usizitegemee hata kidogo.

Kuwasha tena

Jaza oili ya dizeli 15W-40 mpaka katikati ya alama mbili. Chomoa waya wa soleno ya kuzimia (vali ya umeme inayokata dizeli) kwenye pampu ya dizeli, piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia mpaka taa ya oili izime. Rudisha waya, washa, acha silensa dakika kumi huku ukitazama kwa tochi. Zima, ngoja dakika tano, ongeza oili hadi alama ya juu.

Safari ya majaribio iwe na joto na mzigo: kutoka Ubungo hadi Kibaha na kurudi inatosha. Ukifika, ingia chini na karatasi nyeupe ya chooni, ifute kwenye kila mwungano uliogusa. Gasketi za koki zikazwe tena kidogo injini ikiwa imepoa. Tandika boksi jipya la karatasi usiku huo, na jingine baada ya kilomita 500, gurudumu likiwa kwenye alama ileile uliyochora mwanzo.